Dawa Isiyotibu: Haja ya Istilahi Bainifu katika Picha za Ateri za Shingo

Utangulizi

Jina Olkaria ni la Kimaasai, na asili yake ni udongo mwekundu ambao morani hujipaka mwilini. Mahali hapo, kusini mwa Ziwa Naivasha katika Bonde la Ufa, pamebeba basi jina la rangi. Tena rangi isiyomtibu mtu wala kumlisha, bali inayomfanya aonekane na kutambulikana na wenzake. Jina hilo linafaa kuwa mlango wa kuingilia suala ambalo wanafunzi wa Kiswahili wamewaachia madaktari kwa muda mrefu, yaani majina ya kemikali zinazotiwa katika mishipa ya damu ili mishipa hiyo ionekane katika picha.

Katika mazungumzo ya kawaida ya hospitalini kemikali hizo zote huitwa "dawa". Makala haya yanadai kwamba jina hilo halitoshi, kwamba linaficha tofauti ambazo mgonjwa ana haki ya kuzijua, na kwamba kuzitafutia kemikali hizo majina bainifu ni kazi inayowahusu wanafunzi wa lugha kama inavyowahusu waganga.

Mfano uliochaguliwa ni wa ateri za shingo. Ateri hizo, zilizo kulia na kushoto kwa koo, ndizo zinazopeleka sehemu kubwa ya damu kwenye ubongo. Zikibanwa na mafuta na chokaa inayoganda katika kuta zake, mtu huweza kupatwa na kiharusi. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Amerika ya Kaskazini mwaka 1991 ulionyesha kuwa mgonjwa aliyekwisha kupata dalili, na ambaye ateri yake imebanwa kwa asilimia 70 au zaidi, hunufaika sana na upasuaji. Picha ndiyo inayoamua kama mtu ataingia chumba cha upasuaji au atarudi nyumbani na vidonge. Kwa hiyo kinachotiwa mwilini ili picha ipatikane si jambo dogo, na jina lake pia si jambo dogo.

Somo la Mwamba

Wahandisi wa Olkaria wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Kituo cha kwanza cha umeme wa mvuke hapo kilianza kazi mwaka 1981 kwa megawati 15, na kufikia mwaka 1985 kilikuwa na megawati 45. Kisima cha mvuke hutoa pia maji ya moto, na maji hayo yakishatenganishwa na mvuke hurudishwa ardhini kupitia visima vingine. Swali linalowasumbua wahandisi ni moja: yakishaingia chini, yanakwenda wapi? Yakipita upesi katika ufa mpana hadi kwenye kisima cha uzalishaji, yatakipoza kisima hicho na kupunguza mvuke wake.

Jicho haliwezi kupenya mwamba. Ndiyo maana maji yanayorudishwa hutiwa kemikali ya kufuatilia, kisha sampuli huchukuliwa siku baada ya siku katika visima jirani. Muda ambao kemikali hiyo inachukua kutokea tena, na kiasi kinachotokea, huwapa wahandisi sura ya nyufa ambazo hakuna aliyewahi kuziona. Katika miaka ya 1990 kemikali iliyotumiwa Olkaria Mashariki kwa kazi hiyo ilikuwa floresini ya sodiamu, rangi inayong'aa kijani na manjano, ambayo huweza kupimwa hata ikiwa imezimuliwa mno.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba floresini hiyo hiyo hudungwa katika mkono wa mgonjwa wa macho ili mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho ipigwe picha. Kazi hiyo ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1960, na mgonjwa huonywa kuwa ngozi yake itageuka manjano kwa muda na mkojo wake vilevile. Iodini nayo ina makazi mawili. Iodini yenye mnururisho ilitumika kufuatilia mapito ya maji huko Wairakei, New Zealand, ilhali iodini isiyo na mnururisho ndiyo iliyomo katika sindano nyingi za picha za ateri. Gesi iitwayo salfa heksafloraidi hutumika kufuatilia mvuke ardhini, na gesi hiyo hiyo huingizwa mwilini ikiwa imefungwa katika viputo vidogo kwa ajili ya picha za ultrasaundi. Mwamba na mwili vinachunguzwa kwa ndugu wa ukoo mmoja.

Hata hivyo, kuna tofauti moja ya lugha. Mhandisi hawezi kumwambia mwenzake, "Tumetia dawa kisimani," akaishia hapo. Papo hapo ataulizwa: dawa gani? Floresini huanza kuharibika joto linapopita takriban nyuzi 250, na sehemu za Olkaria zina joto kuliko hilo. Basi jina la kemikali lisipotajwa, matokeo hayana maana. Mgonjwa aliyelala kwenye mashine huambiwa neno lile lile, "Tunakutia dawa," na hakuna anayetarajia aulize swali lile. Mwamba umepata heshima ambayo mgonjwa bado hajaipata.

Majina Tofauti, Hatari Tofauti

Historia ya picha za ateri za shingo yenyewe ni historia ya kulinganisha kemikali. Daktari Mreno Egas Moniz, mwaka 1927 mjini Lisbon, alikuwa wa kwanza kuionyesha mishipa ya ubongo ya mtu aliye hai kwa eksirei baada ya kudunga kemikali katika ateri ya shingo. Alianza na bromidi ya strontiamu, na mgonjwa mmoja akafariki. Akahamia kwenye iodidi ya sodiamu, na mishipa ikaonekana. Miaka michache baadaye ikaja kemikali yenye thoriamu, iliyoitwa Thorotrast. Ilitoa picha safi, na mgonjwa hakusikia maumivu wakati wa kudungwa. Ilipendwa kwa sababu hizo. Lakini thoriamu ina mnururisho na haitoki mwilini. Ilibaki katika ini na wengu, na baada ya miongo kadhaa baadhi ya wagonjwa wakapata saratani. Picha nzuri ilikuwa imenunuliwa kwa bei ambayo hakuna aliyetajiwa siku ya kudungwa.

Iodini ilibaki kwa sababu atomi yake ni nzito na huizuia miali ya eksirei, kwa hiyo damu iliyochanganyika nayo hung'aa katika picha. Kemikali za zamani za iodini zilikuwa kali, zenye kuchoma na kuleta kichefuchefu. Msweden Torsten Almén alitoa wazo la kuzipunguza ukali mwishoni mwa miaka ya 1960, na matunda ya wazo hilo ndiyo yanayotumika leo katika mashine za CT. Hata sasa mgonjwa husikia joto likimpanda mwilini, na wengine hudhani wamejikojolea. Kwa shingo, CT yenye iodini ni ya haraka na huonyesha ateri kinagaubaga. Kasoro yake ni kwamba chokaa iliyoganda ukutani nayo hung'aa, hivyo huweza kuchanganyika na mng'ao wa damu na kutatiza upimaji wa njia iliyobaki. Pia kuna mnururisho, na kuna figo. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kuwa hofu ya zamani kuhusu figo ilitiwa chumvi, ila mtu mwenye figo zilizodhoofika sana bado huhitaji tahadhari.

Gadolini ni habari nyingine. Hutumika katika mashine za MRI, zinazofanya kazi kwa usumaku bila mnururisho, na kemikali ya kwanza ya aina hiyo iliidhinishwa mwaka 1988. Chokaa haimsumbui msomaji wa picha hiyo kama katika CT. Badala yake hufika ugumu wa saa: ateri za shingo zimepakana na vena zake, na damu iliyopanda kwenye ubongo hurudi katika vena baada ya sekunde chache tu, kwa hiyo picha ikichelewa, njia ya kupanda na njia ya kushuka hung'aa pamoja. Gadolini ikiwa peke yake ni sumu, na ndiyo maana hufungwa ndani ya molekuli nyingine. Mwaka 2006 ilibainika kuwa baadhi ya wagonjwa wa figo waliodungwa kemikali hizo walikakamaa ngozi na viungo. Mwaka 2017 Umoja wa Ulaya ulisimamisha matumizi ya kadhaa kati ya zile ambazo kifungo chake ni hafifu. Basi hata kusema "gadolini" peke yake hakujamaliza maelezo.

Viputo ni vya ultrasaundi. Kila kiputo ni kidogo kuliko chembe nyekundu ya damu, kina gesi ndani na utando mwembamba nje. Havitoki nje ya mishipa ya damu, gesi yake hutolewa kwa pumzi, na figo hazibebeshwi mzigo. Katika shingo viputo vinaweza kuonyesha vijishipa vidogo vinavyoota ndani ya uvimbe wa ukuta wa ateri, dalili kwamba uvimbe huo si tulivu. Mzio mkali hutokea kwa nadra.

Iko pia gesi ya kaboni dioksidi, ambayo madaktari huitumia katika ateri za miguu kwa mgonjwa asiyevumilia iodini. Gesi hiyo haitiwi kamwe katika ateri za shingo, kwa kuwa mapovu yake yakifika kwenye ubongo huweza kuudhuru. Hapa uzito wa jina unaonekana wazi. Viputo vya ultrasaundi ni gesi, na kaboni dioksidi ni gesi. Kimoja huruhusiwa kufika shingoni, kingine ni marufuku. Mtu akisimuliwa kuwa jirani yake "alitiwa gesi" mguuni akapona, naye akaambiwa atatiwa "gesi" ili shingo ichunguzwe, hana njia ya kuzitenga habari hizo mbili.

Kasoro ya Neno "Dawa"

Kasoro ya kwanza ya neno "dawa" ni kwamba linaahidi kutibu. Mzee aliyedungwa asubuhi na kuambiwa ni dawa ana kila sababu ya kuamini kuwa matibabu yameanza. Asiporudi kuchukua majibu, alaumiwe nani?

Kasoro ya pili ni kwamba neno hilo linazichanganya kemikali ambazo hatari zake hazifanani. Mgonjwa wa figo anapaswa kuuliza jambo fulani kuhusu gadolini na jambo jingine kuhusu iodini, na kuhusu viputo swali la figo halipo kabisa. Aliyepata mzio mwaka jana baada ya sindano ya CT anapaswa kuweza kusema alidungwa nini. Akisema "dawa ya picha", daktari mpya hana pa kushika.

Kasoro ya tatu imo katika neno "mshipa" lenyewe. Kwa mzungumzaji wa kawaida mshipa ni njia ya damu, ni neva, na tena ni ngiri. Aambiwaye kuwa "mshipa wa shingo umeziba" huenda akafikiria maumivu ya kulalia vibaya. Shule zimekwisha kufundisha maneno "ateri" na "vena" katika sayansi. Hakuna sababu ya kuyaacha mlangoni mwa hospitali.

Sheria nayo iko upande wa mgonjwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017, katika kifungu cha 8, inamtaka mhudumu, inapowezekana, ampe mgonjwa maelezo kwa lugha anayoielewa na kwa namna inayozingatia kiwango chake cha kusoma na kuandika. Lakini sheria haitungi istilahi. Muuguzi aliyesomeshwa kwa Kiingereza, akitakiwa aeleze kwa Kiswahili, hutumia neno alilo nalo, na alilo nalo ni "dawa". Kumlaumu ni kumwonea. Upungufu uko kwa wale ambao kazi yao ni maneno.

Pendekezo

Makala haya yanapendekeza neno "kibainishi" liwe jina la jumla la kemikali hizi, likifuatwa na jina la kiini chake: kibainishi cha iodini, kibainishi cha gadolini, kibainishi cha viputo, kibainishi cha floresini. Wasomaji wa jarida hili hawahitaji kuelezwa mzizi wa neno hilo. Katika fonolojia hufundishwa kuwa sauti /p/ na /b/ hazina maana zenyewe, lakini ndizo zinazotenga "pata" na "bata". Kemikali ya picha hufanya kazi ya namna hiyo hiyo. Haimponyi mgonjwa, inaitenga njia ya damu na nyama inayoizunguka. Neno "kibainishi" linasema hivyo bila kuahidi kupona.

Jina la pili, lile la kiini, ndilo linalobeba haki ya mgonjwa. Linampa kishikizo cha kuuliza, linamwezesha kukumbuka, na linaweza kuandikwa katika kadi yake. Kipimo cha istilahi nzuri ya tiba kisiwe uzuri wake katika kamusi, bali iwapo mgonjwa akiisikia mara moja anaweza kuuliza swali lenye maana. "Ni kibainishi kipi?" ni swali fupi ambalo mfanyakazi wa visimani, mkulima wa maua wa Naivasha au mchungaji wa mbuzi anaweza kuliuliza bila kuona haya.

Msingi wa kazi hii umekwisha kuwekwa. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi ya istilahi za biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990 na Kamusi ya Tiba mwaka 2003. Kinachobaki ni kuyatoa maneno rafuni na kuyajaribu mdomoni. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuandaa, pamoja na wanafunzi wa udaktari na uuguzi, fomu za ridhaa za Kiswahili zenye ukurasa mmoja, kisha kuzisoma mbele ya wazungumzaji wa kawaida na kuona wanapokwama.

Pingamizi

Wapo watakaosema kuwa istilahi za kubuniwa hufia vitabuni. Jibu lao ni neno "ukimwi". Neno hilo liliundwa kutokana na maneno ya Kiswahili, na leo hakuna kijiji ambako halijulikani, kwa sababu lilihitajika na likatangazwa.

Wengine watasema "kibainishi" kimekwisha kutumika katika sarufi. Ni kweli, lakini "mzizi" una kazi katika sarufi, katika hisabati na shambani, na hakuna mwanafunzi aliyewahi kung'oa mzizi wa kitenzi kwa jembe.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni kwamba kutaja iodini kutazua mkanganyiko mpya. Mmoja atasema, "Iodini imo katika chumvi ninayokula, basi haina neno." Mwingine atakataa sindano kwa kuwa samaki wa kamba humdhuru, ingawa imethibitika kuwa mzio huo hauhusiani na iodini yenyewe. Hofu hiyo ni ya haki. Hata hivyo, mkanganyiko uliosemwa unaweza kusahihishwa, ilhali ule uliofichwa chini ya neno "dawa" hausahihishwi na yeyote kwa kuwa hausikiki.

Liko pia pingamizi linalotoka Olkaria kwenyewe. Mwaka 2014 familia za Wamaasai zilihamishwa ili kupisha mradi wa Olkaria IV. Wakazi walilalamika kwa Benki ya Dunia, na miongoni mwa kasoro zilizobainishwa katika uchunguzi uliofuata ni kwamba Kimaasai hakikutumika vya kutosha katika mashauriano. Watu walishirikishwa kwa lugha ambayo si wote walioimudu. Mpenzi wa Kiswahili asisome habari hiyo kama ya wengine. Kiswahili kinaweza kumfanyia bibi kizee wa Kimaasai jambo lile lile ambalo Kiingereza kinamfanyia Mswahili. Kwa hiyo kazi inayopendekezwa hapa isiishie kwenye Kiswahili. Wanafunzi wanaokimudu Kimaasai waalikwe tangu mwanzo, na maneno ya lugha hiyo kuhusu damu, mishipa na rangi yakusanywe kabla fomu yoyote haijaandikwa.

Hitimisho

Egas Moniz na waliomfuata walijifunza kwa gharama kubwa kwamba kemikali inayotoa picha nzuri si lazima iwe njema kwa mwenye mwili. Tangu wakati huo madaktari hawajaacha kuzilinganisha kemikali hizo, na ulinganisho huo umeokoa maisha. Ila umebaki mali ya wataalamu, kwa lugha ya wataalamu, huku mwenye shingo akipewa neno moja lisilotenga kitu. Wahandisi wanajua waliyoyatia katika kila kisima cha Olkaria. Haitakuwa makuu mgonjwa anayetoka hapo kwenda hospitalini Naivasha au Nakuru akijua, kwa jina, alichotiwa shingoni.